Barua ya wazi: Mashine za kugawa dawa zisiingie nyumba za wazee kabla ya kanuni

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya afya na ya wazee, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, Baraza la Wauguzi na Wakunga, na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Naandika kuomba jambo moja. Kabla ya mashine ya kugawa dawa kufungwa katika nyumba za wazee za Sebleni, Welezo au Limbani, na kabla hazijazagaa majumbani mwetu, ambamo ndimo wazee wengi na wagonjwa walio katika siku zao za mwisho wanamouguzwa, iwepo kanuni iliyoandikwa na yenye mwenyewe wa kuisimamia. Kanuni itangulie, mashine ifuate. Tukifanya kinyume chake tutakuwa tunaandika kanuni baada ya maziko.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Wete. Umri wangu wa kazi nimeumalizia wodini, na tangu nistaafu naendelea kuitwa majumbani: huyu kafunga choo, yule kidonda hakikauki, mwengine yumo katika siku zake za mwisho za saratani na watu wake wanataka mtu wa kuwaonesha namna ya kumgeuza kitandani bila ya kumuumiza. Sina ugomvi na vifaa vya kisasa. Wahudumu wetu wa kujitolea wa mpango wa afya wa Jamii ni Afya wanapita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, simu inawaongoza waulize nini na wampe nani rufaa, na wengi wetu tuliokulia kwenye madaftari tunaiona tofauti. Kinachonitia khofu ni kitu kinachotoa dawa chenyewe ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyeandikwa kuwa ndiye wa kuulizwa.

Kwa asiyezijua mashine hizi, nitazieleza kwa ufupi. Hospitali kubwa za nje zina kabati la dawa lenye skrini. Muuguzi anaingiza namba yake ya siri au kidole chake, anachagua jina la mgonjwa, anachagua dawa, na droo moja tu kati ya nyingi inafunguka. Kila kitu kinaandikwa: nani kafungua, saa ngapi, katoa vidonge vingapi. Kwenye nyumba za wazee na majumbani hutumika kidude kidogo zaidi, sahani ya duara yenye vyumba, mara nyingi 28, inayofungwa kwa ufunguo. Mtu anajaza vidonge na kuweka saa. Wakati ukifika sahani inajisogeza chumba kimoja na kulia, mzee anaiinamisha na vidonge vinamwangukia kiganjani. Anayekunywa dawa mara moja kwa siku hujaziwa za wiki nne. Anayekunywa mara nne, za wiki moja. Na kwa wagonjwa wa mwisho wasioweza tena kumeza iko pampu ya sindano, kijisanduku cha betri kinachosukuma bomba la sindano taratibu kwa saa 24, dawa ya maumivu ikiingia chini ya ngozi kidogo kidogo.

Faida zake ni za kweli na mimi ni wa mwanzo kuzikubali. Mwaka 2009 ulitolewa utafiti wa Uingereza uliofanywa katika nyumba 55 za wazee. Wakaazi 256 walifuatiliwa, kila mmoja akiwa na wastani wa dawa nane, na saba katika kila kumi walikutwa na angalau kosa moja la dawa, katika kuandikiwa, kutolewa, kupewa au kufuatiliwa. Hiyo ni nchi ambayo mfamasia hakosekani mtaani. Sisi bado tuna bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1x3 kwa peni, na mara nyingine jasho limeshaifuta ile tatu. Mhudumu wa zamu ya usiku yuko peke yake, kashika vidonge vya mzee mmoja, mara anasikia mwengine kaanguka chooni, anakimbia, akirudi hakumbuki kama yule wa kwanza keshampa au bado. Mashine haisahau hivyo.

Ila mashine hutii tu. Desemba 2017, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, Marekani, muuguzi alitakiwa ampe bibi wa miaka 75 dawa ya kumtuliza kabla ya kupigwa picha ya mwili. Dawa hiyo jina lake la kibiashara ni Versed. Akaenda kwenye kabati, akaandika herufi mbili, V na E. Kabati lilikuwa limepangwa kutafuta kwa jina la asili la dawa, ambalo ni midazolam, kwa hiyo haikutokea. Akabonyeza pale pa kuruka kizuizi, pamewekwa kwa ajili ya dharura, akaandika VE kwa mara nyengine, na kabati likamtolea vecuronium. Hiyo ni dawa ya kulegeza misuli yote ya mwili pamoja na ile ya kuvutia pumzi, na hutumika mgonjwa akiwa tayari anapumuliwa na mashine. Bibi yule alifariki. Machi 2022 muuguzi alitiwa hatiani mahakamani, na Mei akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka mitatu.

Nikiisoma kesi ile nasimama pale pale kila mara: kuruka kizuizi kulikuwa kumeshazoeleka. Muuguzi mwenyewe alieleza kwamba siku zile mfumo ulikuwa unasumbua na watu walikuwa wakiruka ili kazi iende. Kosa lake lipo wazi, hakukisoma kichupa, na kichupa kilikuwa na onyo. Lakini aliyepanga kabati litafute kwa jina moja tu, na aliyeona herufi mbili zinatosha kufungulia dawa ya kuua, hawakusimama kizimbani. Baadaye ndipo wataalamu wa usalama wa dawa huko Marekani walipopendekeza ziandikwe angalau herufi tano. Jambo dogo la namna hiyo, lisilogharimu hata senti, lilingoja mtu afe na mwengine aharibikiwe na maisha.

Pampu za sindano nazo zina yao, na ndizo zinazonigusa zaidi kwa sababu anayewekewa hawezi kusema. Kwa miaka mingi Uingereza walitumia pampu mbili za kampuni moja, MS16A na MS26, zinazofanana umbo na ukubwa. Moja ilipimwa kwa milimita za kusukuma bomba kwa saa. Ya pili ilipimwa kwa milimita kwa saa 24. Muuguzi aliyezoea ya pili akiishika ya kwanza na kuweka namba ile ile, dawa ya siku nzima humwingia mgonjwa ndani ya saa moja. Walizitofautisha kwa rangi, moja buluu na moja kijani, na bado watu walikufa. Ilipofika Desemba 2010 ndipo likatoka agizo la kuziondoa, nalo likatoa muda wa miaka mitano. Najiuliza vifaa vinavyoondolewa hospitali za wenye nacho huishia wapi. Nimeshaona, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, mashine ya msaada imekaa stoo na maelezo yake yote yako kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na waliofika kuikabidhi walipiga picha wakaondoka. Ile haikumdhuru mtu kwa sababu haikuwahi kuwashwa.

Uingereza kuna pia kisa cha hospitali ya Gosport, ambacho tume huru ilikitolea ripoti mwaka 2018. Zaidi ya wagonjwa 450 wa hospitali ile, wengi wao wazee, maisha yao yalifupishwa kati ya 1989 na 2000 kwa dawa kali za maumivu zisizo na sababu ya kitabibu, na mara nyingi kwa kupitia pampu. Wauguzi walianza kulalamika 1991. Hawakusikilizwa. Pampu zilikuwa nzima na zilifanya zilichoambiwa; hakukuwa na mlango wa kumpitisha muuguzi mdogo mwenye wasiwasi hadi kwa mtu mwenye uwezo wa kuzizima.

Sasa nije kwetu.

Si zamani sana niliitwa nyumba moja hapa hapa Wete. Bi mkubwa ana moyo, miguu inamvimba, anakunywa furosemide, ile dawa ya kukojoa. Mwanawe aliyeko nje, kijana mwema anayemhangaikia mama yake, alimpelekea sahani ya kujizungusha, nzuri, ya ufunguo. Aliyeiweka saa ni mjukuu, mtoto wa skuli. Kidude kikamuuliza saa ngapi, akamuuliza bibi yake, bibi akasema saa mbili, kama alivyosema miaka yote. Mtoto akaweka 02:00. Kuanzia hapo kila ikifika saa nane ya usiku kidude kinalia, bibi anaamka, anakunywa, kwa sababu ameambiwa kikilia anywe. Muda si mrefu yuko gizani anajikongoja kwenda choo cha uani, ngazi mbili za kushuka na sakafu ya saruji yenye maji. Mimi niliitwa kwa kuwa mama halali usiku na asubuhi hana nguvu. Walikuwa wameshamwita na mwalimu aje amsomee. Nilipokigeuza kidude ndipo nikaiona ile 02:00. Mzee wa umri ule akivunjika nyonga, wengi hawasimami tena.

Hapo hakuna mjinga wala mzembe. Saa zetu tunazihesabu tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, na mashine inahesabu tangu usiku wa manane, na baina yao pana saa sita za kumpoteza mtu. Dawa ya sukari ikikosewa kwa saa sita, mzee anaweza kuinywa tumbo likiwa tupu.

Siku nazo ni hivyo hivyo. Siku yetu huingia magharibi. Mtu wa Pemba akikwambia usiku wa Ijumaa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao mashine inauita Alkhamisi. Kwa dawa za kila siku haina neno. Lakini methotrexate, wanayopewa baadhi ya wenye baridi yabisi ya viungo, hunywewa mara moja kwa wiki, na watu wamekufa katika nchi mbali mbali kwa kuimeza kila siku. Chukua nyumba ya wazee ambayo mhudumu mmoja anampa mzee kidonge chake usiku wa Ijumaa kwa mazoea, na mashine nayo inatoa chake Ijumaa usiku kwa programu. Mzee kanywa dozi mbili ndani ya siku mbili na kila mmoja ana hakika kafanya kazi yake.

Halafu Ramadhani. Sheria yetu imempa ruhusa mgonjwa asifunge, na sisi wauguzi huwaambia, lakini Waheshimiwa mnawajua wazee wetu. Atakuitikia, kisha atafunga. Kwa miaka tumekuwa tukikaa nao kabla ya mwezi kuandama, tunahamisha dawa: hii iende futari, hii iende daku, hii ya sukari ipunguzwe, na glibenclamide tunaihofia zaidi kwa sababu hushusha sukari na kuishikilia chini kwa muda mrefu. Mashine iliyopangwa Shaabani haijui kuwa mwezi umeandama. Italia mchana, na mzee ama atavunja swaumu yake kwa huzuni, ama atavitia vidonge mfukoni na kuvinywa vyote kwa pamoja magharibi. Hilo la pili nimelishuhudia hata pasipokuwa na mashine. Kwa hiyo naomba kanuni iseme wazi kwamba kila mashine katika nyumba ya wazee ipangwe upya kabla ya Ramadhani, na irudishwe baada ya Idi, kwa saini ya daktari au mfamasia. Maneno haya hayatapatikana katika kanuni ya nchi ya mtu. Tusipoyaandika sisi hakuna atakayetuandikia.

Umeme sitausemea sana, kila mmoja anaukumbuka. Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na mara nyengine tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme itokayo Tanzania Bara chini ya bahari. Pemba wakati ule ilikuwa ikitegemea majenereta yake ya Wesha, kabla ya kuungwa na Tanga mwaka 2010. Mambo sasa ni bora, lakini kisiwa ni kisiwa. Kabati la umeme lazima liwe na njia ya kufunguliwa kwa ufunguo wa mkono, ufunguo huo uwe na mtu anayejulikana, na kila ukitumika iandikwe. Daftari la karatasi lisiondolewe.

Kinachosahaulika ni hewa yetu. Vidonge vikitolewa kwenye karatasi zake na kumwagwa katika vyumba vya plastiki vinakaa wiki nne katika unyevu wa masika. Sodium valproate, dawa ya kifafa, huvuta maji na kulainika ikitoka katika karatasi yake. Vidonge vya moyo vya kuwekwa chini ya ulimi, glyceryl trinitrate, hupoteza nguvu vikitolewa katika kichupa chake cha kioo, na mtu atakuja kugundua siku kifua kimembana. Ingefaa Wakala wa Chakula na Dawa utoe orodha ya dawa ambazo hazitiwi katika mashine yoyote Zanzibar. Kazi hiyo haihitaji hata kungoja sheria.

Na majina. Katika wodi moja waweza kuwa na kina Khamis Juma wawili na Fatma Ali watatu. Mashine imtambue mtu kwa picha yake na namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari, jina liwe la kusaidia tu.

Waheshimiwa, khofu yangu kubwa iko katika mgawanyo wa madaraka. Nyumba za wazee ziko chini ya wizara inayoshughulikia ustawi wa jamii na wazee. Dawa na wauguzi wako chini ya Wizara ya Afya. Ubora wa dawa na vifaa tiba uko kwa Wakala uliotokana na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi namba 2 ya 2006. Dawa kali za maumivu zinaihusu pia Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya. Wote hao ni watu wa kazi, na mashine moja iliyokaa Limbani inaweza ikapita katikati yao bila ya kumgusa hata mmoja. Itakuja kama msaada, itapokelewa na mkuu wa nyumba kwa shukrani, itafungwa na fundi aliyeileta, na siku ikikosea kila ofisi itasema ile si yangu. Sheria ya wazee ya mwaka 2020 tunayo, na ni jambo la kujivunia. Kanuni chini yake, itakayotiwa saini na mawaziri wote wawili, ndiyo ninayoiona kuwa njia fupi.

Ndani ya kanuni hiyo kitu cha mwanzo kiwe jina. Kila mashine iwe na mtu mmoja mwenye leseni, muuguzi au mfamasia, aliyeandikwa kwamba ndiye anayejibu kwa kujazwa kwake, na mtu huyo apewe muda na malipo ya kazi hiyo. Tusimtwike mhudumu wa usafi kisha tukamlaumu. Ijazwe na mtu mmoja, ihakikiwe na mwengine. Muuguzi abaki kuwa ndiye anayemkabidhi mzee dawa na kumtazama akimeza, kwa sababu mashine inajua kidonge kimetoka tu. Haijui kama kimeingia mdomoni au chini ya mto. Kuruka kizuizi kuruhusiwe kwa dharura ya kweli, dawa zinazopatikana kwa njia hiyo ziwe chache zinazojulikana, na kila mwezi mfamasia azipitie. Akiona zinarukwa sana asianze kwa kutafuta wa kumwadhibu. Atafute kwanza mfumo umewakwamisha wapi. Skrini na sauti ziwe za Kiswahili, na saa ioneshwe kwa hesabu yetu pamoja na ile ya mashine, kwa alama ya jua na mwezi. Mashine yoyote ya msaada isajiliwe na Wakala kabla ya kutoka bandarini, ije na vipuri na mtu wa kufundisha, na ile iliyopigwa marufuku ilikotoka isiguse ardhi yetu. Pampu za sindano ziwe za aina moja Unguja na Pemba, ili muuguzi aliyehamishwa kutoka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwenda ya Abdulla Mzee, Pemba, akute kile kile alichokizoea.

Kwa vile vidude vidogo vya majumbani, ambavyo watoto wetu walioko Maskati na London watatuletea hata tukikataza, sitaki polisi wala faini. Nataka mzee au jamaa yake aweze kukipeleka kituo cha afya kilicho karibu, kipangwe bure na mtu anayejua, na wahudumu wa kujitolea waongezewe swali moja katika simu zao: nyumba hii ina mashine ya dawa?

Nina ombi jengine, na naomba lisomwe kwa makini, kwa sababu kanuni nayo inaweza kuumiza. Tukiandika kwa woga tutaishia kuifungia morfini kwenye kabati ambalo hakuna anayeweza kulifungua Ijumaa jioni, na mgonjwa wa saratani atalia hadi Jumatatu. Nimekaa na wagonjwa wa aina hiyo. Wamerudishwa kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiambiwa tiba imekwisha, wakavuka bahari kuja kufia kwao, na maumivu yakawafuata. Huduma ya shufaa, ya kumpunguzia maumivu mtu ambaye maradhi yake hayatibiki tena, ni haki yake wala si hisani. Uganda, nchi isiyotuzidi kwa utajiri, iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalum waandike morfini ya kunywa wenyewe, bila ya kumngoja daktari ambaye hayupo. Morfini yao ya maji hutiwa rangi kulingana na nguvu yake, ili hata jamaa asiyejua kusoma ajue ile kali ni ipi. Hakuna mashine hapo, ni chupa na rangi na mtu aliyefundishwa. Kanuni yetu ipime kila kifungu kwa pande zote mbili: kitamzuia nani asidhurike, na kitamchelewesha nani asipate nafuu.

Na muuguzi anayesema hapana alindwe. Akiona dozi iliyopangwa si ya kawaida awe na haki ya kuisimamisha mashine na kupiga simu, na pawe na namba moja ya kupiga, usiku na mchana, yenye mfamasia wa kuijibu. Kila kosa na kila karibu-kosa, yaani kosa lililozuiwa kabla halijamdhuru mtu, liripotiwe bila ya mtu kukhofia kupoteza ajira, na ripoti zitolewe hadharani mara moja kwa mwaka pasina majina ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2017 kampeni ya kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika, na hilo halitafikiwa watu wasipoweza kusema makosa yalipotokea.

Najua itasemwa kwamba hatuna mashine hizo bado, basi haraka ya nini. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pencheni kila mzee aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima wa karafuu, na hatukungoja nchi jirani zianze ndipo nasi tufuate. Uwezo wa kutangulia tunao. Na wakati huu ambapo hakuna kampuni iliyoshafunga mkataba, wala mfadhili wa kumwonea haya, ndio wakati mwepesi wa kuandika.

Rasimu ikiwa tayari, ipelekwe Limbani kabla ya kupelekwa kwengine. Wahudumu wa zamu ya usiku waisome, waambiwe waseme kifungu gani hakitafanya kazi saa nane ya usiku wakiwa peke yao na wazee wote wale, na watakachokisema kiandikwe. Nipo tayari kukaa nao siku yoyote mtakayoipanga.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu
Wete, Pemba